Kadi Kumi na Tisa za Upande wa Chini

Ruharo, Mbarara
Tarehe 9, mwezi wa saba, 2014

Kwako Yaya Ikirezi, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Natumaini karatasi hii inakukuta na uzima, kifua cha shemeji Gakwaya kimepunguza kukohoa kwa vumbi hili la kiangazi, na mgongo wako haujazidi. Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala, na simu za watu zinaletwa kutengenezwa pale barazani kwangu kama kawaida. Ila roho imechafuka, Yaya. Tangu wiki tatu nina kinyaa, kama mtu aliyemaliza maziwa akakuta nzi chini ya kikombe, na kikombe ni chake, alikiosha mwenyewe. Salamu za watu wa nyumba yako sikuzitaja hapa juu kama desturi. Nimeziweka mwisho makusudi. Utaona.

Barua yako Patient, mwenzangu wa darasani, alinifikishia, haikukunjwa wala kufunguliwa, jambo la ajabu kwa mtu mwenye macho marefu kama yeye. Nimeisoma mara nne. Unasema watu wa maji wamerudi, wataweka robine ya pili ya kuchotea maji kabla ya mvua, na vigingi wameshavipiga upande wa juu wa kijiji, hatua kumi tu kutoka ile ya kwanza. Unasema ulikwenda biro, ofisini kwao, kuuliza, wakakufungulia orodha yao: upande wa juu hamsini na mbili, upande wa chini kumi na tisa, kwa hiyo maji yanakwenda kwenye wengi. Ulipowaambia waje washuke waone kwa macho, walikujibu kwamba orodha ni orodha. Sasa unaniomba mimi, kwa kuwa nakijua Kiingereza cha makaratasi, niwaandikie niwaulize ni nani aliyewapa hiyo kumi na tisa. Na umeongeza kwa mkono wako kwamba huyo aliyeiandika, Mungu amkaushe koo.

Nitakujibu. Lakini nivumilie kwanza nikueleze mambo ya chuo, kwa sababu maneno haya mawili ni neno moja, na mimi mwenyewe sikulijua hilo mpaka Jumatatu iliyopita.

Unajua kwamba kule chuoni Kakiika nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu nipate diploma: ripoti ya kurasa arobaini, chini ya mwalimu wetu Bwana Mbabazi. Huyu ni mtu mwenye tai moja, na tai hiyo ina doa la mchuzi wa karanga tangu muhula wa kwanza. Akitaka kufungua ukurasa analamba kidole mpaka kwenye kiungo, kisha karatasi hiyohiyo anakukabidhi wewe uishike. Lakini si hilo lililonichefua. Mate yanakauka.

Somo la ripoti yangu ni hili, nakueleza kama nilivyomweleza shemeji siku ile tukichambua maharage. Kuna mashine ambazo hazipo. Ndiyo, hazipo, usicheke. Watu wenye elimu walizibuni kwenye karatasi tu, ili wapime kazi fulani ya kuhesabu inahitaji memori kiasi gani kabla mtu hajanunua hata waya mmoja. Ya kwanza ina utepe mrefu uliogawanywa vyumba vidogo, kila chumba kinaingia alama moja tu, na mashine inatembea juu yake chumba kwa chumba, kama mtu anayepita mstari wa maharage akipalilia. Ya pili haina utepe, ina masanduku yenye namba, na sanduku moja linaingia namba yoyote, hata iwe kubwa namna gani. Swali langu lilikuwa hivi: mashine hizi mbili zikipewa kazi moja, ipi inakula memori kidogo?

Bwana Mbabazi ana jedwali lake la miaka saba, limo ndani ya kitabu cha masomo cha chuo, na kila mwaka watoto wa watu wanalikariri. Kazi aliyoichagua ni kupewa neno refu la herufi elfu moja, za a na b tupu, uangalie kama linasomeka sawasawa toka mbele na toka nyuma. Jedwali lake linasema: mashine ya utepe, vyumba elfu moja, mashine ya masanduku, masanduku matatu. Elfu kwa tatu! Hapo darasa linaguna, yeye anafuta jasho, anasema tazameni maajabu ya akili ya binadamu.

Mimi sikuguna. Mimi ni mtu wa kufungua vitu. Kila wiki naletewa simu yenye memori iliyoandikwa kumi na sita, ukiijaza inashiba kwenye mbili. Basi nikafungua masanduku yake matatu nione kuna nini ndani. Yaya, ndani kulikuwa na neno zima! Alichukua herufi zote elfu, akazigeuza kuwa namba moja, akaisukuma kwenye sanduku la kwanza. Nakala yake akaitia la pili, na ile iliyopinduliwa akaitia la tatu. Namba hiyo moja ina tarakimu mia tatu. Niliiandika yote kwenye kaye, daftari langu, ikala mistari minane na kidogo. Mara tatu ni tarakimu mia tisa, na yeye anasimama mbele ya watu na tai yake anasema tatu. Alihesabu masanduku, hakuhesabu vilivyomo. Na mashine ya utepe aliionea upande wa pili, akailazimisha kunakili neno lote kwenye vyumba vyake wakati haikuwa lazima.

Nikaifanya kwa haki. Nikaliweka neno pembeni kama karatasi iliyobandikwa ukutani, ruhusa kulisoma, marufuku kuandika juu yake, na hivyo halihesabiki kwa mashine yoyote. Mashine inabaki na kazi ya kukumbuka imefika herufi ya ngapi toka mbele na ya ngapi toka nyuma. Fasi, yaani nafasi ya herufi, katika elfu moja ni tarakimu tatu tu. Mbili ni sita, na kwa utepe alama mbili za kutenganisha. Kisha nikaweka sheria kwamba sanduku halihesabiwi moja, linahesabiwa kwa tarakimu zilizomo. Utepe ukatoka nane. Masanduku hayahitaji kutenganishwa, yanaongeza moja tu la kushika herufi inayolinganishwa, yakatoka saba. Elfu kwa tatu imekuwa nane kwa saba, Yaya. Yale maajabu yote yalikuwa namna ya kuhesabu tu. Hiyo ndiyo niliyoiandika ukurasa wa ishirini na tatu.

Nilipoisoma mbele ya darasa, nilitafuta mfano wa kuwaelewesha, nikauchukua ule nilioujua. Nikawaambia kwamba sanduku ni kama kadi ya chakula kwetu kambini Nakivale. Kijana aliyekuja peke yake ana kadi moja. Dada yangu ana kadi moja, na ndani yake mna watu kumi na watatu. Ukihesabu kadi utasema wako sawa. Bwana Mbabazi akanikatia katikati, ati wewe mkimbizi, hapa si kwa laini ya posho, hapa ni theori, sanduku ni sanduku na moja ni moja, kaa chini. Watu wakacheka mpaka madawati yakalia. Patient akaniinamia sikioni, akasema nimemletea mwalimu watu wa Nakivale wote na mwalimu hakupika. Hata mimi nilicheka kidogo. Lakini nilikaa chini nikiwa nimeshika ule mfano kama mtu aliyeokota kitu njiani na kukuta kina damu, na sikutaka kuuliza damu ni ya nani.

Jumatatu akaniita kwenye biro yake. Alikuwa anakula yai la kuchemsha, chumvi ameimwaga juu ya ripoti yangu, anachovya hapohapo pembeni ya hesabu zangu. Hakubisha, Yaya. Alisema ninasema kweli, alilijua hilo tangu mwaka wa pili wa kitabu. Lakini kitabu kimeshatoka, mkuu wa chuo amekisifu, na kukibadili ni kuulizwa maswali. Akasema haniambii niandike uongo, kijana wangu, anaomba niondoe karatasi moja tu, moja, na ripoti itapita juu kuliko zote. Nikiiacha, nitarudia mwaka. Akanipa mpaka Ijumaa. Akapangusa kiini cha yai mdomoni kwa ile tai.

Nilitaka kumwambia maneno ambayo mama angenipiga kofi kwa kuyasema. Mdomo ulikataa. Ulikataa kwa sababu sauti ile niliwahi kuisikia, na haikuwa yake.

Sasa kaa chini, Yaya. Kama umesimama na barua hii penye upepo, ingia ndani ukae.

Kumi na tisa ile niliiandika mimi.

Unakumbuka kiangazi cha 2009 nilikuwa mwandishi wa kamati ya kijiji. Yule mama wa shirika la maji alikuja na gari, akasema robine ni moja, itakwenda kwenye wengi, akanipa siku tatu nipite nyumba kwa nyumba nihesabu vichwa. Siku ya kwanza nilihesabu upande wa juu, kazi rahisi, vijana waliokuja peke yao, kila mmoja na kadi yake na sufuria yake. Kadi hamsini na mbili, vichwa sitini na saba. Siku ya pili ilipita na malaria. Ya tatu yule mama akarudi mapema, anakimbilia Isingiro kwenye mkutano, akaniuliza namba ziko wapi. Upande wa chini nilikuwa sijahesabu hata nyumba moja. Na ndani ya gari lile, Yaya, kwenye bahasha ya kahawia, kulikuwa na barua ya kunipendekeza nikaanze masomo ya kompyuta Mbarara. Alikuwa amesema atanikabidhi barua hiyo kazi ikiisha.

Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja tu wa namba kwa kila upande. Akaniuliza nitaandika vichwa au kadi. Sikumuomba siku moja zaidi. Nilichukua orodha ya kadi, nikahesabu majina nikiwa nimekaa kwenye benchi, bila hata kusimama. Nikaandika hamsini na mbili na kumi na tisa. Akasema asante, ninyi vijana wa namna hii ndio tunawataka. Nikapokea bahasha.

Na si hiyo tu. Kama ingekuwa hiyo tu ningesema nilikuwa mvivu. Wiki iliyofuata roho ilinisumbua, nikashuka nikahesabu. Utakumbuka siku hiyo. Ulinipa maharage na viazi, ukaniuliza mbona napita na kaye nikitazama watoto wa watu vichwani. Nilikuambia ni mambo ya chanjo. Ukawaita watoto wote ukawasimamisha mstari, ukawapangusa kamasi, ili mjomba wao awaandike vizuri. Nikaandika kumi na watatu. Jumla ya upande wa chini ilitoka mia moja sabini na mmoja. Mia moja sabini na mmoja kwa sitini na saba! Mabomba yalikuwa bado kwenye lori, hata shimo la kwanza halijachimbwa. Nilifunga kaye, nikapanda njia ya Mbarara na bahasha yangu.

Miaka mitano nimekuwa nikikuja kwako, na kila tukishika mikono kabla ya kula wewe unamwomba Mungu amuonyeshe yule mama wa maji alichotutendea. Yule mama alihesabu nilichompa. Na mimi, Yaya, kila mara nilisema amina, tena kwa sauti. Mimi ninayewaambia wateja wangu pale barazani kwamba nilijitengeneza kwa mikono yangu miwili, sikubebwa na mtu. Nilibebwa. Nimeipiga hesabu, kwa kuwa hicho ndicho ninachokijua. Toka mlangoni kwako mpaka robine ni hatua mia tisa, kupanda. Bido sita, madumu ya maji, kwa siku, kwenda na kurudi, ni hatua elfu kumi na mia nane. Kwa miaka mitano ni karibu milioni ishirini, nusu yake na lita ishirini kichwani. Mgongo wako si uzee, una miaka thelathini na nane. Mgongo wako ni mimi.

Mbabazi alichukua tarakimu mia tatu akaziita moja. Mimi nilichukua watoto uliowapangusa kamasi. Nikimtazama na tai yake naona kinyaa, na kinyaa hicho hakimfikii peke yake, kinarudi mpaka kwenye shati langu.

Wewe ndiye uliyenifunza kuhesabu, na hukunifunza hivi. Kule tulikotoka, Itombwe, nikiwa sijaanza shule, baba hakutaka ng'ombe watajwe kwa namba. Jioni ulinisimamisha kwenye lango la zizi, ukaniambia niwaite kwa majina mmoja mmoja wakiingia, na jina lisiloitika ndilo twende kulitafuta. Siku moja nikachoka, nikakuambia zizi limejaa. Ulinivuta sikio. Ulisema hukuniuliza habari za zizi.

Basi leo asubuhi saa nne nimemrudishia Bwana Mbabazi ripoti yake, ukurasa wa ishirini na tatu umo ndani. Alifungua hapohapo, akalamba kidole, akahakikisha. Akaniambia nina kichwa kigumu kama watu wa kwetu, akachora msalaba kwa kalamu nyekundu. Nitarudia mwaka, na sijui kama nitaweza. Usilie kwa ajili hiyo, na usimwambie mtu nilikuwa shujaa. Sikuwa na namna. Mkono ulikuwa umeshaiandika mara moja, haukukubali mara ya pili.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Moja ni ya Kiingereza, ya shirika la maji, na imesema ulichoniomba niulize: ni nani aliyewapa kumi na tisa. Imejibu palepale, kwa jina langu lote na sahihi. Ya pili ni orodha ya upande wa chini, nyumba kumi na tisa, kila nyumba na vichwa vyake, kama nilivyovikuta mwaka ule kwenye kaye, ambayo sikuitupa. Waliozaliwa wawaongeze wao, na waliofariki wawapunguze, ni kazi ya siku moja, miguu tu. Zipeleke biro Ijumaa, Patient akikufikishia. Waambie wasichimbe. Jumatatu nakuja mwenyewe, nitasimama mbele ya kamati na mbele ya akina mama wa upande wa chini, niseme haya kwa mdomo. Kama utanifungulia mlango baada ya hapo, nitaingia. Kama hutanifungulia, nitachukua bido zilizo nje nipande nazo, hilo halihitaji ruhusa.

Bahasha nimeibandika gundi pande zote, kwa sababu ya macho ya Patient. Wewe ndiwe wa kwanza kusoma.

Sasa salamu. Miaka yote niliandika nisalimie nyumba nzima, na yakaisha. Leo hapana. Nisalimie shemeji Gakwaya, anywe ile dawa mpaka chupa iishe. Nisalimie mama mkwe wako, bibi Mukandoli, ambaye akiniona huniuliza kama Mbarara wana maziwa. Nisalimie Ezira, mwambie simu yake imepona. Nisalimie Gisa na meno yake mapya. Nisalimie Gakuru, na nisalimie Gato, hata kama wanakuja mbio pamoja, ni wawili. Nisalimie Eugénie anayeimba kwaya, na mdogo wake Nyiransengimana asiyependa kuimba. Nisalimie Laurent, mdogo wake shemeji, na lile gongo lake la kutembelea. Nisalimie Nabintu na kaka yake Grégoire, mliowaokota njiani bila kuuliza ni wa kabila gani. Nisalimie Gasore, ambaye siku ile ya mstari alikuwa mgongoni kwako na nilimwandika akiwa amelala.

Hao ni kumi na wawili.

Na wewe, Yaya Ikirezi.

Ni mimi mdogo wako,
Semahoro